Njia ya Kwenda Steshini

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ya gari la moshi huanza pale abiria anapopanda behewa. Sivyo. Safari huanza mlangoni pa nyumba yake, na mara nyingi sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ile anayokwenda kwa miguu.

Tutazame Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka wa 1899. Mwezi wa Novemba 2012 steshini mpya ilifunguliwa Syokimau, pembeni mwa mji, pamoja na uwanja wa kuegesha motokaa, ili mwenye gari aliache hapo na kuingia mjini kwa gari la moshi. Jambo hilo ni jema. Walakini abiria wasio na motokaa ndio walio wengi. Hao wahitaji nini?

Kwanza wahitaji njia. Mtu mzima huenda kwa miguu kilomita tano hivi kwa saa. Basi steshini iliyo mbali mita 800 ni mwendo wa dakika kumi. Lakini ukuta au mtaro ukimlazimisha kuzunguka, dakika kumi huwa ishirini, naye huona afadhali akatize juu ya reli. Hapo ndipo watu wanapopoteza maisha, kwa maana gari la moshi lililojaa watu haliwezi kusimama ghafula kama motokaa. Huhitaji mamia ya mita. Kumkemea mtu huyo hakutoshi. Afadhali steshini iwe na lango upande huu na upande ule, na daraja la miguu ambalo mzee, au mama aliyebeba mtoto mgongoni, aweza kulipanda bila taabu. Njia iwe na mifereji ya maji ya mvua na taa, maana wengi huondoka kabla ya mapambazuko na kurudi usiku.

Pili ni matatu. Gari la moshi hushusha mamia ya watu kwa mara moja, na matatu ndogo huchukua 14 tu. Kwa hiyo stendi yapasa kuwa karibu na lango, yenye nafasi ya kupanga foleni, wala isizibe barabara.

Saa nazo zipatane. Gari jipya la Mombasa lilipoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2017, kituo chake cha Nairobi kilikuwa huko huko Syokimau, mbali na katikati ya mji. Pakawekwa gari dogo la moshi la kuwaunganisha abiria na steshini ya zamani ya mjini, saa zake zikifuata zile za gari la Mombasa.

Tena baisikeli isisahauliwe. Kwa dakika zile zile kumi, mwenye baisikeli hufika kilomita mbili na zaidi. Lakini ni nani atakayeiacha kutwa nzima pasipo banda wala mlinzi?