Je, Wajua? Linux iliiacha prosesa iliyoizaa

Je, wajua kwamba kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kile kilichomo ndani ya kila simu ya Android, kiliandikwa kwa ajili ya prosesa moja tu? Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alikiandika kwa ajili ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386, wala hakutarajia kingehamia kwingine. Kufikia 1995 kilikuwa kimeshahamia kwenye prosesa nyingine, iitwayo Alpha.

Uzuri wa kiini hiki uko kwenye mpangilio. Sehemu kubwa ya msimbo hutumika popote. Yale yanayotegemea prosesa yametengwa katika folda iitwayo arch, kila ukoo wa prosesa na chumba chake. Kabla ya kukijenga kiini, fundi hupitia maelfu ya vipengele na kuamua: hiki kiingie moja kwa moja (y), hiki kikae pembeni kama moduli hadi kitakapoitwa (m), hiki kiachwe (n). Ndivyo msimbo uleule unavyotoshea kwenye ruta ndogo ya intaneti na kwenye kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani.

Na 386 yenyewe? Toleo la 3.8, la mwaka 2013, liliondoa msimbo wake. Kompyuta ile ya Helsinki isingeweza kuliwasha.