Nani Mwenye Msemo? “Hakuna Matata”, Alama ya Biashara na Mwigo wa Kejeli

Desemba 2018, watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la mtandaoni wakiitaka kampuni ya Disney iachie alama yake ya biashara “Hakuna Matata”. Kampuni hiyo iliomba usajili nchini Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu ya *The Lion King*, na ikaupata mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Waliolalamika walisema Kiswahili kimeibwa. Makala haya yanadai kwamba neno “kuibwa” linaficha swali lililo gumu zaidi, ambalo ni la kiisimu kabla ya kuwa la kisheria.

Alama ya biashara haimpi mtu umiliki wa lugha. Inamzuia mfanyabiashara mwingine kuitumia katika bidhaa za aina ile ile kwa namna itakayompotosha mnunuzi kuhusu chanzo cha bidhaa. Mwongoza watalii wa Arusha au mtunzi wa riwaya hawaguswi. Anayeguswa ni mchapishaji wa fulana aliyeko Marekani, na huenda naye ni Mswahili.

Swali basi ni kama kauli hii inaweza kutambulisha chanzo chochote. Kimofolojia, *hakuna* ina kikanushi *ha-*, kipatanishi cha mahali *-ku-* na *-na* ya umilikaji. *Matata* ni nomino ya ngeli ya 6. Nafasi ya nomino hiyo hujazwa kwa uhuru: hakuna shida, hakuna taabu, hakuna wasiwasi. Maana ya kirai haizidi jumla ya maana za sehemu zake, kwa hiyo hata kuiita nahau ni kuipendelea. Tena wenyeji wengi husema “hamna shida”. “Hakuna matata” ilikwisha kuwa kauli ya kumkaribishia mgeni tangu Them Mushrooms wa Mombasa walipoimba “Jambo Bwana” mwaka 1982.

Mamlaka za Marekani zimewahi kukataa kauli za namna hii zikiwa za Kiingereza. Volvo ilinyimwa “Drive Safely” mwaka 1998, na mwaka 2019 mchezaji LeBron James akanyimwa “Taco Tuesday”, kwa kuwa umma huzielewa kama usemi wa kawaida tu. Kwa maoni yangu, “Hakuna Matata” ilipita kwa sababu sikio lililoipima halikuwa la Mswahili. Upambanuzi wake ulitokana na ugeni.

Hapa kanga ina la kutufundisha. Jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa chini ya mji, hunakiliwa na yeyote, na wanaoivaa hutumiana mafumbo kwalo bila kumwomba mtu ruhusa. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa hakujaribu kuimiliki misemo hiyo. Alitia kando yake alama ndogo, “K.H.E. – Mali ya Abdulla”. Msemo ukabaki wa wote, na kirai cha *-a* unganifu kikataja chanzo cha kitambaa. Kazi mbili ambazo sajili ya Marekani ilizichanganya zilitenganishwa kwenye pindo la nguo.

Mwigo wa kejeli hulitazama jambo hili kutoka upande wa pili, maana mwigaji anahitaji alama ijulikane sana. Nchini Afrika Kusini, kampuni ya Laugh It Off ilichapa fulana zilizogeuza nembo ya bia ya Carling Black Label kuwa “Black Labour”, na chini yake “White Guilt”: kazi ya weusi, hatia ya weupe. Badiliko la kifonolojia ni dogo, *Label* kuwa *Labour*, ila linabeba historia nzima ya unyonyaji. Mwenye alama alishinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2004. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ilitengua hukumu hiyo, ikisema hakuthibitisha uwezekano wa hasara halisi ya kiuchumi.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na mkono mzito zaidi mwaka 2023, katika shauri la Jack Daniel’s dhidi ya mtengenezaji wa mwanasesere wa mbwa aliyeiga chupa ya wiski hiyo. Ilisema kwamba anayeutumia mwigo kama alama ya bidhaa zake mwenyewe hapati kinga maalumu ya usanii, ingawa kejeli bado huzingatiwa katika kupima kama mnunuzi atachanganyikiwa. Kwa kipimo hicho, fulana ya “Hakuna Mishahara” ingehukumiwa kwa mahali maneno yalipowekwa: kifuani kama utani, au kwenye lebo ya shingoni kama jina la mtengenezaji.