Tovuti Isiyohitaji Yaya

Mpwa wangu anapiga picha za milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Hukaa mbele ya mlango mmoja tangu alfajiri, akisubiri jua lifike kwenye misumari ya shaba, ndipo abonyeze kamera. Mwaka juzi mwenye hoteli mmoja alimwandikia kwamba anatafuta picha za kupamba vyumba, akaomba anwani ya tovuti yake. Mpwa wangu akaituma. Saa moja baadaye akajibiwa kuwa tovuti haifunguki. Alipojaribu mwenyewe kwenye simu, alikuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza: mawasiliano na hifadhidata yameshindikana.

Akanipigia. "Shikamoo mjomba. Tovuti yangu imekufa, na mwaka mzima sijaigusa!"

"Marahaba, mwanangu. Imekufa kwa sababu hukuigusa."

Jibu hilo lilimshangaza. Picha ukishaichapa na kuitundika ukutani, haikudai tena kitu. Tovuti inakufaje kwa kuachwa tu? Inategemea imejengwaje, na msanii anapaswa kuliamua jambo hilo kabla hajafikiria rangi wala mwandiko.

Tazama kibanda cha chipsi mayai. Mpaka wewe ule, lazima moto uwepo, mafuta yawepo, viazi viwe vimemenywa na mpishi awe amefika kazini. Kimojawapo kikikosekana, hakuna chakula. Pembeni yake kuna kabati la vioo lenye maandazi. Hayo yalikaangwa asubuhi. Mteja akija, mkono unafungua kabati na kutoa.

Tovuti nyingi za leo ni vibanda vya chipsi mayai. Ukigusa anwani, seva inaanza kupika. Programu iliyoandikwa kwa lugha kama PHP inaamka, inakwenda kwenye hifadhidata kuulizia maneno na majina ya picha, inayapanga kwenye kiolezo, inaziita programu-jalizi zifanye vikorombwezo vyao, kisha ndipo ukurasa unakufikia. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hufanya kazi hivyo, na inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Kwa gazeti linalotoa habari kila saa, au duka linalobadili bei kila siku, upishi huo una faida kubwa. Kwa mtu mwenye picha 24 ambazo hazibadiliki, ni kuwasha jiko zima kwa ajili ya andazi moja.

Na kila kifaa cha jiko hilo kina umri wake. Toleo la PHP hutunzwa miaka michache, kisha watunzaji huacha kuziba mianya yake; la 7.4, kwa mfano, lilifikia mwisho huo Novemba 2022. Mwenye seva analazimika kuweka toleo jipya. Programu-jalizi ya zamani, iliyoandikwa na mtu ambaye huenda ameshaacha kazi hiyo, inatafuta amri iliyofutwa katika toleo jipya, inaikosa, na ukurasa unaanguka. Usipoweka jipya, upande wa pili kuna wadukuzi. Hawakai kukutafuta wewe kwa jina. Wana programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha hodi kila mlango, zikiuliza kama kuna tundu fulani linalojulikana. Tovuti ndogo ya msanii asiye na adui inaweza kuingiliwa kwa sababu hiyo tu, kwamba tundu lipo. Ya mpwa wangu haikudukuliwa. Kampuni iliyokuwa ikiihifadhi ilihama seva, nywila ya hifadhidata ikabadilika, na barua pepe ya kumjulisha ilizama kati ya matangazo.

Sasa njoo kwenye kabati la maandazi. Ukurasa wa wavuti, ukiuvua mapambo yote, ni faili la maandishi tu. Neno ukitaka liwe kichwa, unalizungushia alama yenye herufi h na tarakimu 1 ndani ya mabano ya pembe. Picha ukiitaka, unaandika alama fupi inayotaja jina la faili lake. Lugha ya alama hizo ni HTML. Tim Berners-Lee aliibuni akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwaka 1991 akautangazia umma juu ya wavuti. Orodha ya mwanzo ya alama zake haikufika ishirini. Mwaka 2013 CERN waliirejesha ile tovuti ya kwanza kwenye anwani yake ya awali, na kurasa zake zinasomeka kwenye simu janja ambayo hakuna aliyeiota wakati ule.

Siri ya uzima huo ni adabu mbili za vivinjari. Kwanza, kivinjari kikikutana na alama kisiyoijua hakigomi; kinairuka na kuonyesha kilichobaki. Pili, wanaotengeneza vivinjari huona haya kuvunja kurasa za zamani, kwa hiyo alama za miaka ya 1990 karibu zote bado zinaeleweka. Tovuti ya filamu ya Space Jam ya mwaka 1996, yenye mandhari yake ya nyota, ilikuwa bado ikifunguka zaidi ya miaka 25 baadaye.

Ilinganishe na Flash. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachoraji, wapiga picha na watengeneza katuni waliipenda mno, kwani ilifanya menyu zicheze na picha ziyeyuke moja ndani ya nyingine wakati HTML ilikuwa bado nzito ya miguu. Lakini kazi zao zilifungwa ndani ya faili ambalo kivinjari peke yake hakikuweza kulisoma. Lilihitaji programu ya kampuni moja, mwanzoni Macromedia na baadaye Adobe. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kuonyesha chochote. Wapo wanaojitolea kuzifufua kazi hizo kwa programu iitwayo Ruffle, na Mungu awalipe, lakini kwa msanii aliyefariki, au aliyepoteza mafaili yake, kazi ya ujana wake imekwenda. Jambo hilo linaniuma. Wengi wao walikuwa mafundi wa kweli.

Kuna njia ya tatu, kupanga chumba kwenye huduma kama Squarespace au Wix: unaburuta picha, wao wanashughulikia seva. Kwa asiyetaka kabisa kugusa msimbo ninaipendekeza bila kusita, mradi akumbuke kuwa ni mpangaji. Kodi ikikatika, chumba kinafungwa. Na mwenye nyumba naye hukosea: mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopandishwa zaidi ya miaka mitatu kabla huenda zisipatikane tena, baada ya kuhamisha seva.

Mpwa wangu alichagua maandazi. Tulikaa Jumamosi mbili barazani na laptopu, tukaandika faili moja la HTML na jingine la CSS linalosema rangi na nafasi ziweje. Zipo programu kama Hugo na Jekyll zinazokukaangia kurasa mamia kwa mpigo, ila kwa picha 24 hatukuzihitaji.

Kazi kubwa ilikuwa picha zenyewe. Kamera yake hutoa pikseli 6000 kwa 4000, yaani milioni 24, na kila faili lilikuwa na megabaiti kama 9. Zote pamoja ni megabaiti 216. Mgeni anayetumia bando angekata tamaa kabla ya mlango wa tatu. Tulizipunguza hadi upana wa pikseli 1600, zikabaki pikseli milioni 1.7, sehemu moja ya kumi na nne. Kisha ikaja zamu ya JPEG, njia ya kubana picha iliyosanifiwa mwaka 1992. JPEG hutenganisha mwanga na rangi, kwa kuwa jicho la binadamu ni kali zaidi kwenye mwanga, kisha hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba huandikwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi, mapana na membamba, na yale membamba ambayo jicho haliyakosi sana ndiyo hutupwa.

Tulijaribu kwenye mlango wenye nakshi za mayungiyungi. Kwa ubora wa 30, kuta za chokaa zilibaki nzuri, lakini kuzunguka kila msumari wa shaba kulitokea vumbi la miraba, kana kwamba shaba imepigwa mchanga. Mpwa wangu alisonya. Kwa 60 vumbi lilipungua, ila kwenye ncha za petali bado lilionekana. Kwa 80 tuliweka picha ya asili na iliyobanwa bega kwa bega, na hata yeye aliyekaa mbele ya mlango ule saa tatu alishindwa kuzitofautisha. Faili lilikuwa kilobaiti 350. Picha zote 24 sasa hazifiki megabaiti 9, na tumeagiza kivinjari kisipakue picha ya chini mpaka mgeni aifikie.

Folda yenye mafaili hayo yote tuliiweka GitHub Pages, ambako kurasa za aina hii huhifadhiwa bure. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ndilo kitu pekee kinacholipiwa kila mwaka, na nilimsisitizia alisajili kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe, wala si ya fundi wala ya mjomba, kwa sababu aliyeandikwa pale ndiye mwenye nyumba.

Mwezi uliopita alitoa picha mbili na kuweka mbili za mlango wa mtaa wa Mkunazini. Ilimchukua dakika kumi. Nakala ya folda nzima iko kwenye flashi, ndani ya droo ya cherehani ya dada yangu.