CHAKULA CHA BABA NACHO HUFIKA KWA MTOTO



Tumezoea kumhimiza mama mjamzito ale vizuri. Je, baba? Hapa Kigali nimeona wenzetu wengi viwandani wakishinda kutwa kwa chai na andazi moja.

Mbegu ya kiume hubeba jeni. Juu ya jeni zimo alama ndogo zinazoamuru ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Chakula chaweza kuzibadili. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitangaza habari za panya madume waliokosa folati ya kutosha tangu tumboni mwa mama zao: alama za mbegu zao zilibadilika, na watoto wao wakazaliwa na kasoro nyingi zaidi. Panya si mtu, lakini onyo tumelipata.

Folati imo katika maharage na mchicha, yaani dodo. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Basi baba aanze mapema.

Na tukikaa mezani na mwajiri, tudai chakula cha mchana. Sahani ya maharage kazini si sadaka, ni sehemu ya jasho letu.