Karatasi ya Fasihi: Kwa Nini Serikali Igharimie Utafiti

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, itazame Karatasi ya Tatu ya KCSE (102/3). Mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. La kwanza ni la lazima. Matatu huyachagua kutoka sehemu tofauti.

Uchaguzi huu ndio unaoficha ukweli. Chukua mfano wa darasa lenye wastani wa alama 40 kwa 80. Wastani huo haukuelezi ni wangapi waliokwepa ushairi, wala waliojibu walikwama wapi: ni katika uhuru wa mshairi, toni au lugha nathari? Matokeo yake ni kwamba tunafundisha kwa kukisia.

Baraza la Mitihani hutoa ripoti, lakini lengo kuu la mtihani ni kumpima mtahiniwa, si kuchunguza ufundishaji. Yafaa serikali igharimie utafiti wa majibu yenyewe, swali kwa swali, na kuyafikisha matokeo shuleni bila malipo. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itakamilika 2027, na Gredi ya 10 ilianza Januari 2026. Tusipochunguza sasa, makosa yaleyale yatahamia mtaala mpya.

Nawe anza darasani: orodhesha nani alichagua swali lipi, na alama zilipotelea wapi. Ugonjwa usiopimwa hautibiki.