Umbo na Unyumbufu: Jinsi Kimeng'enya Kidogo cha ARN Kinavyofanya Kazi

Neno "kimeng'enya" latokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vipande. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba vimeng'enya vyote ni protini. Imani hiyo ilivunjwa na Thomas Cech na Sidney Altman, waliothibitisha kuwa ARN nayo yaweza kuchochea mabadiliko ya kikemia, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1989.

Mfano ulio wazi ni kimeng'enya kiitwacho "kichwa cha nyundo", kilichotambuliwa mwaka 1986 katika ARN za vimelea vya mimea. Kina mihimili mitatu ya ARN iliyosokotwa, inayokutana kwenye kiini chenye nukleotidi zipatazo 15 zisizobadilika. Kazi yake ni kujikata mahali pamoja maalumu. Ili mkato utokee, oksijeni inayoshambulia, fosforasi, na oksijeni inayoachana nayo sharti zipangike katika mstari mmoja.

Hapo ndipo mjadala ulipozuka. Maumbo ya fuwele yaliyochapishwa mwaka 1994 na 1995 yalionyesha atomi hizo zisizopangika hivyo. Tena, sehemu za kiini ambazo majaribio ya kikemia yaliziona kuwa za lazima zilikaa mbali na mahali pa mkato. Wenye fuwele na wenye majaribio hawakupatana kwa miaka kumi hivi.

Kiini cha tatizo kilikuwa ufupisho. Ili kurahisisha uchunguzi, watafiti walikuwa wameondoa vitanzi vya mihimili miwili, wakidhani havina kazi. Mwaka 2003 ilidhihirika kwamba vitanzi hivyo hugusana na kuongeza sana kasi ya mkato. Mwaka 2006 Monika Martick na William Scott walichapisha umbo la molekyuli kamili, itokanayo na Schistosoma mansoni, mnyoo aletaye kichocho cha matumbo. Humo atomi zimekaribia mstari mmoja. Guanini ya 12 iko tayari kupokea protoni, na ile ya 8 kuitoa.

Molekyuli fupi nayo hukata, lakini polepole, kwa kuwa kiini chake hutangatanga na kulipata umbo la kazi kwa nadra. Unyumbufu ndio unaokiwezesha kulifikia umbo hilo. Mgusano wa vitanzi, ulio mbali na mkato, ndio unaokizuia kuliacha upesi. Kilichotupwa kama ziada ndicho kilichoushika muundo wote.