Gitaa la Besi: Kununua, Kukodi na Kupiga Jukwaani kwa Usalama

Katika muziki wa dansi, macho ya watazamaji humwelekea mwimbaji na mpiga solo, lakini wimbo mzima husimama juu ya besi. Kwa miaka mingi mpiga besi wa Tanzania hakulazimika kununua chombo chake mwenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe shirika la umma, jumuiya au mtu binafsi. NUTA Jazz, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na kipaji chake tu, akaviacha vyombo nyuma.

Leo wapigaji wengi hununua vyombo kwa fedha zao, na kwaya nyingi hununua kwa michango ya waumini. Kwa hiyo hasara ambayo zamani ilimwangukia mwenye bendi sasa humwangukia mlaji. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa, mambo ya kuzingatia jukwaani, na hatua za kuchukua endapo bidhaa itakuwa na kasoro.

Kulikagua gitaa kabla ya kulipa

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mnene kuliko yote hutoa mtetemo wa takriban hezi 41, na katika gitaa la nyuzi tano uzi wa tano hushuka hadi takriban hezi 31. Anayeanza, na hata mpigaji mzoefu wa dansi au kwaya, hutimiza kazi yake vizuri kwa nyuzi nne. Uzi wa tano usikuongezee bei ikiwa nyimbo zako hazikuhitaji kushuka huko.

Ukaguzi uanze shingoni. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono mwingine, kwenye freti ya mwisho. Chungulia katikati ya shingo: pawe na mwanya mdogo kati ya uzi na freti, unaokaribia unene wa kadi ya mwaliko. Mwanya mkubwa maana yake shingo imepinda kwa mbele, na kutokuwapo kwa mwanya maana yake imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Upindaji mdogo hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, na fundi hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Shingo iliyojinyonga kama kamba, au yenye ufa mahali inapoungana na mwili, ni sababu ya kutosha ya kuliacha gitaa hilo.

Kisha piga kila freti, katika kila uzi, polepole, ukisikiliza mkwaruzo au sauti inayokufa. Pima pia usahihi wa sauti kwa tyuna: sauti ya uzi mtupu na ile ya freti ya 12 ziwe noti moja, ya pili ikiwa oktavu moja juu. Zikipishana kidogo, marekebisho hufanyika kwenye daraja la nyuzi. Zikipishana sana baada ya marekebisho, chombo hakitaimba sawa na wenzake jukwaani.

Mwisho, unganisha gitaa na amplifaya, zungusha vifundo vyote, kisha tikisa kebo taratibu kwenye tundu lake. Mkwaruzo wa vifundo mara nyingi ni vumbi linalosafishika, ilhali sauti inayokatika huashiria waya uliolegea. Ikiwa gitaa linatumia betri, ambayo kwa kawaida ni ya volti 9, fungua kifuniko uone kama chumba cha betri kina kutu. Magitaa mengi ya aina hiyo huanza kutumia betri mara tu kebo inapochomekwa. Usiiache kebo humo usiku kucha.

Nakala halali na bidhaa bandia

Fender Precision ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1951, ni miongoni mwa magitaa ya besi yaliyoigwa zaidi duniani. Hata hivyo, kuiga umbo na kughushi jina ni mambo mawili. Kiwanda kinachotengeneza gitaa la umbo linalofanana na hilo na kuliuza kwa jina lake chenyewe huuza nakala, na nakala nyingi ni vyombo vizuri kwa bei nafuu. Anayeweka jina la mwingine juu ya bidhaa yake huuza bandia, na hilo ni kosa kisheria.

Dalili za bandia ni bei iliyo chini mno kuliko ya soko, jina lililobandikwa ovyo, namba ya utambulisho iliyofutwa au inayofanana kwenye magitaa mawili ya duka moja, na muuzaji anayesita kuandika jina la chapa katika risiti. Dalili hii ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa kuwa anayejua anachouza haogopi kukiandika.

Amplifaya: wati za kweli na wati za kibandiko

Sikio la binadamu halisikii sauti nzito kwa wepesi linavyosikia sauti nyembamba. Ndiyo maana besi huhitaji amplifaya yenye nguvu kuliko ya gitaa la solo, na ndiyo maana wauzaji hupenda kutaja wati nyingi. Mnunuzi aulize ni wati za namna gani. Kifupi cha RMS huonyesha nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Kifupi cha PMPO hutaja kilele cha kufikirika kisicho na kipimo kimoja kinachokubalika, hivyo spika ndogo ya mezani yaweza kubandikwa maelfu ya wati. Linganisha RMS kwa RMS. Namba za PMPO zisikushawishi kulipa hata shilingi moja ya ziada.

Ifahamike pia kuwa kuzidisha wati mara mbili hakuzidishi sauti mara mbili. Huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu yapaswa kuongezeka takriban mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya amplifaya ya wati 300 na ya wati 350 haina maana kubwa. Ubora na ukubwa wa spika huleta tofauti zaidi.

Jambo la tatu ni ohmu. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba huwa ohmu 4, na mbili za ohmu 4 huwa ohmu 2. Amplifaya iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni ohmu 4, ikilazimishwa kuendesha ohmu 2, hupata joto na huweza kuungua. Vilevile, kebo ya gitaa isitumike kuunganisha amplifaya na spika hata kama vichwa vyake vinafanana, maana waya wake mwembamba haukukusudiwa kubeba nguvu hiyo.

Volti: soma kibandiko kabla ya kuchomeka

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Vyombo vilivyotumika vinavyotoka nchi hizo vyaweza kuwa imara na vya bei nzuri, lakini amplifaya ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja katika soketi yetu yaweza kuharibika papo hapo. Chombo kilichonunuliwa Dubai kwa matumizi ya huko hutumia volti zinazokaribiana na zetu.

Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, chombo hujirekebisha chenyewe. Kikiwa na swichi ya kuchagua volti, hakikisha imewekwa upande wa 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa cha volti 100 au 120 tu, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya, na gharama yake iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Jukwaani: umeme huua

Mwaka 1972, mjini Swansea katika Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani kwa kupigwa na umeme alipogusa kipaza sauti. Hatari hiyo haikwisha na miaka hiyo. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa, kupitia kebo, na waya wa ethi wa amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na ethi yake haifanyi kazi, nyuzi zaweza kubeba umeme bila mpigaji kujua. Siku anapokisogelea kipaza sauti ili kuitikia kiitikio, umeme hupita mwilini mwake kutoka mikononi hadi midomoni.

Kwa sababu hiyo, pini ya ethi isikatwe wala isikwepwe. Desturi ya kuingiza kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie haifai popote, na jukwaani ni hatari zaidi. Wapo pia wanaokata ethi ili kuondoa mvumo katika spika. Mvumo una tiba nyingine: vyombo vyote vichukue umeme kutoka chanzo kimoja, na kisanduku cha DI kinachopeleka sauti ya besi kwenye mikisa kiwe na swichi ya kutenganisha ethi ya sauti. Swichi hiyo haigusi ethi ya umeme, na usalama unabaki.

Panapotumika jenereta, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aikague ethi kabla ya bendi kupanda. Ekstensheni zisizungushwe penye maji wala zisirundikwe moja juu ya nyingine. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kile kile. Kipande cha waya si fyuzi.

Mpigaji hahitaji amplifaya kubwa kila mahali. Ukumbi wenye mitambo kamili hupokea besi kupitia DI, na amplifaya ndogo jukwaani humtosha kujisikia mwenyewe. Uliza jambo hili kabla ya kukodi gari la kubeba spika nzito. Mfuko wako uwe na kebo ya akiba, nyuzi za akiba, betri, fyuzi na tyuna. Katika miji ya pwani uwe pia na kitambaa kikavu cha kufutia nyuzi, maana chumvi ya hewa na jasho huzila upesi. Wakati wa kuwasha, mikisa itangulie na amplifaya ifuate mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie.

Masikio nayo ni chombo cha kazi, na hayana duka. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2022 kwa kumbi za burudani vinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Mpigaji anayesikia mlio masikioni baada ya onyesho amekwisha kupewa onyo, na vizibo vya masikio vina gharama ndogo kuliko gitaa lolote.

Kukodi vyombo na kupatana onyesho

Mapatano ya mdomo huvunjika penye hasara. Anayekodi vyombo aandikiane na mwenye navyo: orodha ya vyombo na namba zake, hali yake siku ya kukabidhiwa, arubuni iliyolipwa na masharti ya kuirejesha, muda wa kurudisha, na nani atagharimia chombo kikiungua kwa hitilafu ya umeme wa ukumbi. Kipengele hiki cha mwisho husahauliwa mara nyingi, nacho ndicho kinachozaa ugomvi mwingi. Piga picha za vyombo mbele ya pande zote mbili. Kwa onyesho, maandishi yataje saa za kupiga, nani analeta mitambo, nauli, na malipo ya muda wa ziada.

Bidhaa ikiwa na kasoro

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hutaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa aina hiyo iwe na ubora wa kuuzika. Hata hivyo, mnunuzi aliyekagua bidhaa hana kinga kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Ndiyo sababu makala haya yamekaa sana kwenye ukaguzi: dakika 20 dukani ni sehemu ya haki yako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo hukataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au asili ya bidhaa.

Ukigundua kasoro:

1. Acha kutumia chombo, na usimpe fundi mwingine akifungue.
2. Kirudishe mapema kwa muuzaji pamoja na risiti ya EFD. Risiti hiyo ni haki yako na ni wajibu wako kuidai.
3. Andika malalamiko yako, taja unachotaka (matengenezo, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha), na ubaki na nakala.
4. Muuzaji akikataa, au ukishuku kuwa bidhaa ni bandia, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC). Kifaa cha umeme kinachotiliwa shaka ubora wake kiripotiwe pia kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kwaya au bendi inayonunua kwa michango iandikishe risiti kwa jina la kikundi, si la mtu aliyetumwa dukani. Hivyo mali itabaki ya wote hata viongozi wakibadilika, na mwenye haki ya kudai atajulikana bila mabishano.